Hadithi Fupi Chini ya Kibali: Mtunzi, Mhusika wa Kuazima na Diwani za Doctor Who, 1994–2009



1.0 Utangulizi

Mada ya mhadhara huu ni utunzi wa hadithi fupi ambao mtunzi wake hammiliki mhusika mkuu. Ninakusudia hadithi zinazoandikwa kwa ajili ya diwani zinazoambatana na tamthilia za televisheni. Katika hadithi hizo mhusika amekwisha kuzaliwa kwenye skrini. Sura yake, sauti yake na hata namna yake ya kutembea vinajulikana na watazamaji wengi. Na haki ya kumtumia imo mikononi mwa shirika la utangazaji. Mtunzi hupewa ruhusa ya kumwazima kwa kurasa chache, kisha humrudisha mahali alipomkuta. Kwa kuwa msingi wa utunzi huu ni ruhusa hiyo, nitaziita hadithi hizi "hadithi za kibali".

Wahakiki wengi huzitazama kazi za namna hii kwa jicho la dharau. Hoja yao inaeleweka: fasihi ni zao la uhuru wa mtunzi, na mtunzi ambaye hawezi kumwua mhusika wake, kumwoza, kumzeesha wala kumbadilisha tabia amefungwa mikono yote miwili. Hoja yangu ni tofauti. Ninadai kwamba kufungwa huko kuliwalazimisha watunzi kutafuta utunzi mahali pengine ndani ya hadithi, yaani katika mtazamo wa msimulizi, katika mhusika mdogo na katika umbo la masimulizi. Na kwamba mahali hapo pakawa na rutuba kiasi kwamba televisheni yenyewe ilirudi kuvuna. Hata hivyo, nitaonyesha pia kwamba kibali kina gharama, na kwamba gharama hiyo huwaangukia watunzi kuliko mtu mwingine yeyote.

Mfano wangu mkuu ni diwani za hadithi fupi zilizoambatana na tamthilia ya Uingereza iitwayo Doctor Who. Nimeuchagua kwa sababu historia yake ina mwanzo, katikati na mwisho unaoonekana wazi. Mwishoni nitauliza jambo hili linatuhusu vipi sisi tunaoshughulika na fasihi ya Kiswahili, ambayo ina wahusika wa kushirikiana wa siku nyingi kuliko televisheni.

2.0 Chimbuko: kutoka skrini hadi kitabu

Kabla ya kanda za video kuenea majumbani, kipindi cha televisheni kilikuwa kama neno la mdomoni: kikishapita, kimepita. Kitabu ndicho kilichokuwa njia ya kukirudia. Nchini Marekani, mtunzi wa riwaya za kisayansi James Blish alianza mwaka 1967 kugeuza vipindi vya Star Trek kuwa hadithi fupi kwa kampuni ya Bantam. Alifanya kazi hiyo kwa kusoma miswada ya vipindi, na kwa hiyo hadithi zake wakati mwingine zilitofautiana na kile kilichoonekana kwenye skrini. Vitabu hivyo vilifikia 12. Blish alifariki mwaka 1975, na mjane wake, J. A. Lawrence, akakamilisha kitabu cha mwisho kilichotoka mwaka 1977.

Katika vitabu vya Blish msuko ulikuwa wa televisheni. Mtunzi alitoa lugha. Hatua ya pili ilikuwa kutoa msuko pia. Mwaka 1976 Bantam ilichapisha Star Trek: The New Voyages, diwani iliyohaririwa na Sondra Marshak na Myrna Culbreath, ambamo hadithi zilizotungwa na wapenzi wa tamthilia hiyo zilitolewa kwa ruhusa rasmi. Tamthilia yenyewe ilikuwa imesimamishwa tangu mwaka 1969. Tunaona hapa kanuni itakayojirudia: diwani za kibali hustawi zaidi pale ambapo skrini imenyamaza.

Nchini Uingereza, Doctor Who ilianza kurushwa na BBC tarehe 23 Novemba 1963. Inamhusu msafiri aitwaye Daktari, mtu wa sayari nyingine, ambaye husafiri katika wakati na anga kwa chombo chenye umbo la kibanda cha simu cha polisi. Mwaka 1966, mwigizaji wa kwanza, William Hartnell, alipoondoka, watayarishaji walibuni kwamba Daktari anapokaribia kufa mwili wake hugeuka kuwa mwili mwingine. Patrick Troughton akashika nafasi yake. Uamuzi huo ulikuwa wa kiutendaji, lakini ulikuwa na athari kubwa ya kifasihi: mhusika mmoja akawa na nafsi kadhaa, na kila nafsi ikawa na kipindi chake, marafiki zake na mapengo yake. Kwa mtunzi wa hadithi fupi, mapengo hayo ni shamba.

Kuanzia mwaka 1965 watoto wa Uingereza walinunuliwa kitabu cha mwaka cha Doctor Who chenye hadithi fupi na picha, mara nyingi bila kutajwa jina la mtunzi. Kuanzia mwaka 1973 vitabu vya Target viligeuza vipindi kuwa riwaya fupi. Terrance Dicks peke yake aliandika zaidi ya 60. Watunzi tutakaowazungumzia leo walijifunza kusoma kwa vitabu hivyo, na walipokuwa watu wazima waliijua lugha ya Daktari kama mtu anavyozijua ngano za bibi yake.

3.0 Kibali na mipaka yake

Mwezi Desemba 1989 BBC ilisimamisha tamthilia hiyo. Mwaka 1991 kampuni ya Virgin, kwa leseni ya BBC, ilianza kuchapisha riwaya mpya zilizoendeleza safari za Daktari. Miaka mitatu baadaye ikaja diwani ya hadithi fupi.

Ni vyema tueleze mipaka ya mtunzi katika mazingira hayo. Mpaka wa kwanza ni wa mhusika: Daktari lazima aibuke mwishoni akiwa yuleyule, kwa sababu mtunzi wa kitabu kinachofuata anamhitaji. Mpaka wa pili ni wa kumbukumbu: hadithi isipingane na yale yaliyokwisha kuonyeshwa. Mpaka wa tatu ni wa milki, na huu ndio mgumu kuliko yote, kwa kuwa hata ndani ya tamthilia moja wamiliki ni wengi. Daktari ni mali ya BBC, lakini viumbe waitwao Daleks wanafungamana na haki za mtunzi wao wa kwanza, Terry Nation, na baada ya kifo chake mwaka 1997 zikabaki kwa warithi wake. Mtunzi anayetaka kumtumia adui wa zamani hana budi kuuliza kwanza: huyu ni wa nani?

Mpaka wa nne ni wa ukubwa. Riwaya inaweza kumchukua msomaji kupitia dunia mpya hatua kwa hatua. Hadithi fupi ina maneno elfu kadhaa tu. Kwa kawaida hadithi fupi hutumia sehemu ya nafasi yake kumjenga mhusika mkuu. Hadithi ya kibali haina haja hiyo, maana msomaji anamjua. Hapa ndipo penye faida iliyofichika. Nafasi iliyookolewa kwa mhusika mkuu inaweza kutumiwa kumjenga mtu mwingine, na mtu huyo mwingine, kinyume na Daktari, anaweza kubadilika, kuumia, kupenda na kufa. Mtunzi hana ruhusa juu ya shujaa, lakini ana mamlaka kamili juu ya shahidi.

4.0 Decalog: diwani iliyompoteza mhusika wake

Diwani ya kwanza ya Virgin iliitwa Decalog. Ilitoka mwaka 1994 ikihaririwa na Mark Stammers na Stephen James Walker, nayo ilikuwa na hadithi 10. Wahariri walikabiliwa na swali la kila mhariri wa diwani: nini kitazifanya hadithi za watunzi mbalimbali kuwa kitabu kimoja? Jibu lao lilikuwa la kale. Walitumia hadithi-fremu. Daktari amepoteza kumbukumbu. Mtu mwenye kipawa anavigusa vitu vilivyomo mifukoni mwake kimoja baada ya kingine, na kila kitu kinafungua hadithi. Msomaji wa Kiswahili ataitambua mbinu hii mara moja, maana ni jamaa ya ile ya Alfu Lela U Lela, ambamo masimulizi moja makubwa hubeba mengine tumboni. Tofauti ni kwamba Shahrazadi anasimulia ili asife, ilhali Daktari anasimuliwa ili ajijue.

Fremu hiyo ilikuwa pia suluhisho la tatizo la mpaka wa kwanza. Ikiwa Daktari hawezi kubadilika kwenda mbele, basi hadithi zinaweza kwenda nyuma, kwa miili yake ya awali. Diwani ya pili (1995) ilifungwa pamoja kwa dhamira ya mali na makazi. Ya tatu (1996), iliyohaririwa na Andy Lane na Justin Richards, ilifungwa kwa mnyororo wa sababu na matokeo: jambo linalotendeka katika hadithi moja linazaa tatizo katika inayofuata.

Kisha leseni ikaisha. Mwaka 1996 ilirushwa filamu moja ya televisheni iliyomrejesha Daktari kwa usiku mmoja, na BBC ikaamua kuchapisha vitabu vyake yenyewe. Virgin ikabaki na mfululizo wa diwani usio na mhusika mkuu. Kilichotokea mwaka 1997 kinastahili kuzingatiwa sana na wanafunzi wa fasihi. Decalog 4 haikuwa na Daktari hata kidogo. Ilifuata vizazi vya ukoo wa Forrester, ukoo wa Roz Forrester, mwandani wa Daktari aliyebuniwa ndani ya riwaya za Virgin mwaka 1995 na ambaye hakuwahi kuonekana kwenye skrini. Halikadhalika, riwaya za Virgin ziliendelea hadi 1999 zikiongozwa na Bernice Summerfield, mwanaakiolojia aliyebuniwa na Paul Cornell mwaka 1992. Decalog 5, iliyotoka mwaka huohuo wa 1997, nayo haikuwa na Daktari.

Somo ni hili: kibali kilipoondolewa, kilichobaki mkononi ni kile ambacho watunzi walikuwa wamekiongeza wenyewe. Mwenye nyumba alipochukua nyumba yake, wapangaji waliondoka na miti waliyoipanda kwenye vyungu.

5.0 Mbinu za utunzi

Baada ya Virgin, BBC ilitoa diwani tatu kati ya 1998 na 2000 kwa jina la Short Trips, na mwezi Desemba 2002 kampuni ya Big Finish, kwa leseni mpya, ilianza mfululizo wake wenye jina hilohilo. Ndani ya miaka saba ilichapisha zaidi ya vitabu 25. Ukizisoma diwani hizi kwa pamoja, unaona mbinu tatu zikijirudia.

Mbinu ya kwanza ni uzi wa diwani. Kitabu cha kwanza cha Big Finish, kilichohaririwa na Jacqueline Rayner, kilikuwa na hadithi 12 zilizopangwa kwa nyota 12 za falaki. Kingine cha mwaka 2007 kiliziweka hadithi zake zote katika jiji la Prague. Mfano ulio bora zaidi, kwa maoni yangu, ni The Centenarian wa mwaka 2006, uliohaririwa na Ian Farrington. Kitabu hicho kinamfuata mtu mmoja, Edward Grainger, katika umri wa karne moja, na katika kila hatua ya maisha yake anakutana na Daktari mwenye mwili tofauti. Angalia jinsi mizani ilivyopinduliwa. Katika televisheni, Daktari ndiye anayedumu na binadamu ndio wanaopita. Hapa binadamu mmoja ndiye uti wa mgongo, na Daktari ndiye anayekuja na kutoweka.

Mbinu ya pili ni kupenya kwenye pengo. Tamthilia huonyesha safari moja, kisha huruka hadi nyingine. Katikati yake kuna siku ambazo hakuna aliyeziona. Mtunzi huchagua siku mojawapo na kuuliza swali ambalo kamera haikuwa na muda nalo. Mbinu hii si ngeni kwetu. Msimulizi wa hadithi za Abunuwasi hahitaji kueleza Abunuwasi alifikaje mjini wala alikuwa na umri gani siku hiyo. Huchomeka kisa kipya kati ya visa vya zamani, na hadhira hukipokea.

Mbinu ya tatu ni shahidi wa pembeni, nayo ndiyo muhimu kuliko zote. Mtunzi humsogeza shujaa hadi kwenye ukingo wa hadithi na kumweka katikati mtu wa kawaida ambaye maisha yake yanaguswa naye. Msomaji anajua zaidi kuliko msimulizi. Anamtambua Daktari kabla ya msimulizi kumtambua. Kejeli ya namna hiyo haiwezekani katika hadithi fupi ya kawaida bila maelezo marefu ya awali. Katika hadithi ya kibali msomaji huja nayo kutoka nyumbani.

Mfano mzuri umo katika Decalog 3. Steven Moffat, ambaye wakati huo alikuwa mwandishi wa vichekesho vya televisheni, aliandika hadithi iitwayo "Continuity Errors". Daktari anataka kuazima kitabu katika maktaba kubwa mno. Mkutubi, mwanamke mwenye uchungu wa maisha, anamkatalia. Daktari anarudi katika wakati uliopita wa mwanamke huyo, tena na tena, akiyarekebisha maisha yake, mpaka anakuwa mtu ambaye hawezi kukataa. Kati ya matukio hayo vimepachikwa vipande vya mhadhara wa msomi anayezungumza kuhusu Daktari na hatari yake. Mtunzi hajambadilisha Daktari hata kidogo, amembadilisha mkutubi. Lakini kwa kufanya hivyo ametuuliza swali zito la kimaadili ambalo tamthilia haikuwa imeliuliza kwa uwazi huo: je, mtu mwenye uwezo wa kumfanya mwingine awe mwema ana haki ya kufanya hivyo bila ridhaa yake? Mipaka yote minne imeheshimiwa, na hadithi imebaki na makali yake.

6.0 Sally Sparrow: televisheni inarudi kuazima

Tamthilia ilirejea tarehe 26 Machi 2005. Kwa ajili ya kitabu cha mwaka kilichotoka mwaka huo, Moffat aliandika hadithi fupi kuhusu mtoto wa kike wa miaka 12, Sally Sparrow. Hadithi yote imeandikwa kama insha ya shule kuhusu alichokifanya wakati wa likizo ya Krismasi. Sally anagundua, chini ya karatasi za ukutani, ujumbe ulioandikiwa yeye mwenyewe na Daktari aliyekwama miaka 20 nyuma bila chombo chake.

Umbo la insha linafanya kazi kubwa hapa. Mtoto anaandika kwa utaratibu wa darasani, huku anayoyasimulia yakiwa ya kustaajabisha kupita kiasi. Daktari yuko mbali, ni sauti na maandishi tu. Anayetenda ni mtoto. Kila mwalimu wa Kiswahili aliyewahi kusahihisha insha ya likizo ataona mara moja kile mtunzi alichokipata: msimulizi ambaye hajui kwamba hadithi yake ni kubwa kuliko zoezi alilopewa.

Miaka miwili baadaye Moffat aliirudia hadithi hiyo kwa ajili ya televisheni. Matokeo yake ni kipindi kiitwacho "Blink", kilichorushwa tarehe 9 Juni 2007. Sally sasa ni mwanamke kijana. Daktari, aliyekuwa wa tisa katika hadithi, sasa ni wa kumi, na amekwama mwaka 1969. Na wameongezwa maadui wapya, sanamu za malaika ambazo husogea pale tu zisipotazamwa. Lakini ujumbe chini ya karatasi ya ukutani umebaki, na uti wa mgongo umebaki: Daktari yuko nje ya tukio, naye msichana ndiye anayelibeba. Mwaka 2008 kipindi hicho kilipata tuzo ya Hugo.

Kwa nini hadithi ya kitabu cha watoto ilifaa kiasi hicho? Sababu moja ni ya kiutendaji. Ratiba ya upigaji picha ilihitaji kipindi ambacho mwigizaji mkuu angeonekana kwa muda mfupi tu. Televisheni ilijikuta katika hali ambayo watunzi wa diwani walikuwa wameishi nayo kwa zaidi ya miaka 10: kuwa na shujaa usiyeweza kumtumia kadiri upendavyo. Na jibu lilikuwa limekwisha kupatikana katika hadithi fupi. Shahidi wa pembeni alihamia kwenye skrini. Aidha, wazo la "Continuity Errors", la kumbadilisha mtu mgumu kwa kuyagusa maisha yake ya nyuma, linaonekana tena katika kipindi cha Krismasi cha mwaka 2010 kilichoandikwa na Moffat huyohuyo.

7.0 Mlango wa wanagenzi

Diwani za kibali zilikuwa pia shule. Nchini Marekani, kampuni ya Pocket Books iliendesha kuanzia mwaka 1998 hadi 2007 mashindano ya hadithi fupi za Star Trek kwa watunzi wasio wabobezi, na kila mwaka hadithi bora zikachapishwa katika diwani iitwayo Strange New Worlds. Zilitoka diwani 10, na nyingine moja mwaka 2016. Dayton Ward alishinda katika diwani tatu za kwanza. Aliyefikisha hadithi tatu alihesabiwa kuwa amehitimu na hakuruhusiwa kushindana tena. Ward akaandika riwaya ya Star Trek iliyotoka mwaka 2002, na akaendelea kuwa mtunzi wa kitaalamu. Nao Big Finish walitoa mwaka 2008 diwani ya Doctor Who iliyoandikwa na watunzi wapya tu, waliopatikana kwa mashindano.

Kwa mwanagenzi, mhusika wa kuazima ana faida ya kiufundi. Mwalimu wa utunzi anaweza kupima kwa haraka kama mwanafunzi anaisikia sauti ya mhusika, kwa kuwa wote wawili wanaijua. Vilevile mwanagenzi analazimika kujifunza ufupi: hana haja ya utangulizi mrefu, na hana pa kujificha ikiwa wazo lake halitoshi.

8.0 Gharama, na somo kwa fasihi ya Kiswahili

Sasa tugeukie upande wa pili. Leseni ya vitabu vya Short Trips vya Big Finish ilifikia kikomo mwaka 2009. Jina lilihamia kwenye hadithi za kusikilizwa kuanzia mwaka 2010, lakini vitabu vilivyochapishwa vilitoka sokoni, na leo hupatikana zaidi kwa wauzaji wa vitabu vilivyotumika. Mtunzi wa hadithi fupi ya kawaida, diwani moja ikifa, anaweza kuipeleka hadithi yake katika diwani nyingine. Mtunzi wa hadithi ya kibali hawezi kuichapisha tena bila ruhusa mpya, kwa sababu mhusika si wake. Moffat aliweza kuirudisha hadithi yake hewani kwa kuwa alikuwa amekwisha kuwa mmoja wa waandishi wa tamthilia yenyewe. Wengine wengi waliobaki katika kurasa zilezile hawakupata njia hiyo, hata wale ambao hadithi zao hazikuwa dhaifu.

Hapa ndipo suala linapotugusa sisi. Ngano zetu zimejaa wahusika wa kushirikiana. Sungura wa ngano ana sheria ileile ya Daktari: mwisho wa hadithi lazima abaki Sungura. Akinaswa leo, kesho yuko huru, kwa sababu fanani wa kesho anamhitaji. Hakuna anayemlaumu fanani kwa kukosa uhuru kwa sababu hakumbadilisha Sungura. Tunamsifu kwa namna alivyomtumia, kwa wimbo alioupachika, kwa jinsi alivyomchora Fisi. Yaani, jamii yetu ilikuwa na kipimo cha kuhakiki utunzi wa mhusika wa kuazima kabla ya sisi kujifunza katika vitabu kwamba mtunzi lazima awe mmiliki. Kipimo hicho ndicho ninachopendekeza tukitumie kwa hadithi za kibali. Tofauti ni moja tu, nayo ni kubwa: Sungura haombewi ruhusa.

Kuna pia njia ya tatu, ambayo imo katika historia yetu ya maandishi. Muhammed Said Abdulla alipoandika Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, alichukua umbo la hadithi za Sherlock Holmes, mpelelezi mwenye kiko, akili kali na rafiki wa kumsikiliza, akalihamishia Unguja na kuwaumba Bwana Msa na Najum. Hakuazima mhusika, aliazima umbo, na mhusika akawa wake. Kwa sababu hiyo aliweza kumwendeleza Bwana Msa kitabu baada ya kitabu kwa hiari yake.

Basi tuna njia tatu: mhusika wa wote, mhusika wa kibali, na mhusika aliyezaliwa kutokana na umbo la kuazima. Mtunzi kijana wa Kiswahili anaweza kuitwa siku yoyote kuandika hadithi fupi zinazotokana na tamthilia ya televisheni. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Tanzania ya mwaka 1999 na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 zote zinampa mwenye hakimiliki mamlaka juu ya kazi zinazotokana na kazi yake. Mtunzi huyo, kabla ya kutia saini, aulize maswali matatu. Wahusika wapya nitakaowabuni ni wa nani? Kibali kikiisha, hadithi yangu itakuwa ya nani? Na je, jina langu litaandikwa? Historia niliyoieleza inaonyesha kwamba Bernice Summerfield na ukoo wa Forrester waliishi baada ya leseni kufa kwa kuwa jibu la swali la kwanza liliwaruhusu. Nao watunzi wa vile vitabu vya mwaka vya zamani ambao majina yao hayakuandikwa hatuwezi kuwasifu hata tukitaka.

9.0 Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba hadithi fupi ya kibali si mtoto wa kambo wa fasihi. Inapofanikiwa, hufanikiwa kwa sababu mtunzi ameelewa ni kipi kisicho chake na amekiacha, kisha akaweka nguvu zake zote katika kile kilicho chake: mkutubi mwenye uchungu, mzee wa miaka 100, mtoto mwenye daftari la insha. Sisi wahakiki tukiitazama kazi ya namna hii tusianze kwa kuuliza mhusika ni wa nani. Swali hilo ni la mwanasheria, na mtunzi hana budi kulijibu mapema. Swali letu liwe hili: pembeni ya yule mashuhuri, nani mwingine amepewa uhai?